Majirani wa Columbus, Marekani: nani ana ndoo yangu?

JUMATATU

Mama Zuhura: Wapendwa, habari za jioni. Shule imejibu. Meza tumepewa, ile ya pembeni karibu na miti. Sherehe ya vuli ni Jumamosi, saa kumi mpaka saa kumi na mbili. Tunasimamia michezo minne, na dola 40 tunarudishiwa tukipeleka risiti. Leteni mawazo.

Babu Salim: Saa kumi ya wapi?

Mama Brian: Ya kwetu Babu. Kwa simu utaona nne.

Babu Salim: Ahsante. Mwaka jana nilikwenda saa kumi ya simu. Asubuhi, peke yangu, benchi na boga.

Iddi: Shikamoo Babu 😂😂

Babu Salim: Marahaba. Na hiyo vuli yenyewe haina mvua. Vuli ya kwetu mtu anakwenda shamba kupanda, ya hawa ni majani kupukutika tu.

Mama Brian: Mimi ombi langu ni moja. Tusirudie ile ya kurusha pete kwa maboga. Watoto walirusha jioni nzima, hakuna hata mmoja alishinda. Brian alilia mpaka kwa gari.

Baba Neema: Zile pete za dukani zilikuwa ndogo kama bangili. Kikonyo cha boga kinene, haziingii hata ukizivisha kwa mkono. Nilijaribu mwenyewe watu walipoondoka.

Mama Brian: Na ukanyamaza??

Baba Neema: Ningesema nini shemeji, na pipi zote zimebaki.

Mama Zuhura: Kumbe ndizo ulizokuwa unakula mpaka Krismasi.

Baba Neema: Tuendelee na ajenda. Mwaka huu pete natengeneza mimi. Nina mpira wa kumwagilia maua uliopasuka. Nakata kipande cha sentimita 90, nakikunja, naingiza kijiti kwenye ncha mbili zikutane, nazungushia utepe. Linatoka duara lenye upana wa sentimita 29 hivi. Boga linavaa pete mpaka mabegani. Mtoto wa miaka mitatu anasimama hatua moja, wa darasa la tano hatua tatu.

Mama Furaha: Hiyo ni sawa. Na mutoto mudogo akikosa mara tatu, mumupatie tu bombo yake.

Iddi: Bombo 😂

Mama Brian: Peremende.

Mama Zuhura: Pipi, jamani. Na ziwe zimefungwa kiwandani, zisiwe na karanga hata chembe. Shule imeandika kwa herufi kubwa, kuna watoto wakila karanga wanavimba koo.

Iddi: Mimi napendekeza ule wa tufaha kwenye beseni la maji. Mikono nyuma, unalidaka kwa meno. Ndio wenyewe wa msimu huu, umetoka Uingereza na Ireland huko.

Mama Zuhura: Iddi. Beseni moja, vinywa hamsini.

Mama Furaha: Na huu mwezi wa kumi batoto bote ni makamasi.

Baba Neema: Na jioni ni nyuzi kumi, uso umelowa, upepo unapiga. Jumatatu shule nzima iko kitandani.

Iddi: Nilitaka tu waone linavyoelea. Karibu robo ya tufaha ni hewa.

Mama Zuhura: Utawaeleza wakiwa wakavu, mwanangu.

Mama Brian: Chukua wazo la Iddi utoe maji. Tufunge kitu kwa uzi, mtoto ale bila mikono. Mandazi yangu yale madogo.

Mama Zuhura: Chakula cha nyumbani hakiruhusiwi. Donati za dukani, boksi lina maelezo yake.

Mama Brian: Haya, lakini kavu. Nilisimamia mchezo huu kanisani na donati za sukari ya unga. Mtoto mmoja alipiga chafya katikati, tukatoka sote kama tumetoka kinu cha unga. Na msizifunge kwa mti. Zifungeni kwa mpini wa fagio, watu wazima wawili washike huku na huku. Ukiona lile jitu la darasa la tano linakaribia kumaliza, unainua kidogo. Ukiona kadogo kanahangaika, unashusha. Hakuna mtu anajua.

Babu Salim: Huo si ndio wizi wa kura.

Mama Brian: Ni huruma Babu 😂

JUMANNE

Iddi: Mchezo wa tatu nimeupata na ni wa bure. Timu mbili, mmoja anasimama wima, wenzake wanamviringisha karatasi ya chooni mpaka abaki macho tu. Anakuwa maiti wa Misri ya kale. Dakika mbili.

Babu Salim: Mtoto mzima mnamvisha sanda?

Iddi: Ni mchezo tu Babu, hapa wanafanya kila mwaka.

Babu Salim: Wao na wafanye. Mimi nimeosha na kukafini watu, siwezi kusimama pale nikacheka.

Mama Zuhura: Babu ana haki yake. Iddi badilisha.

Iddi: Sawa Babu, nisamehe. Basi tugeuze. Badala ya maiti, ile sanamu ya kufukuzia ndege shambani. Koti la baba, kofia, glavu, skafu. Mtoto anakimbia mpaka kwenye rundo, anavaa vyote, anarudi, anavua, anamvisha mwenzake.

Babu Salim: Hapo sawa. Hata koti langu chukueni.

Mama Furaha: Glavu ndiyo itabaua. Mutoto anaweka vidole viwili kwa shimo moja, anabaki analia pale.

Baba Neema: Glavu zisizo na vidole basi, ninazo. Na mbao zangu za kurushia vifuko nazileta pia, za wazazi wanaosubiri. Wakikosa la kufanya wanakuja kutufundisha kazi. Futi 4 kwa 2, tundu la inchi 6. Kifuko kikiingia tunduni alama 3, kikibaki juu ya ubao alama 1, mpaka 21. Watu wazima futi 27, watoto 10.

Babu Salim: Vifuko vina nini ndani?

Baba Neema: Zamani mahindi makavu, ndiyo asili ya jina lake hapa, cornhole, yaani tundu la mahindi. Hivi vyangu ni punje za plastiki.

Babu Salim: Afadhali. Chakula hakirushwi miguuni pa watu.

Iddi: Shule yenyewe itaendesha ule wa kutembea kwenye namba kushindania keki. Mnajua asili yake? Waafrika waliokuwa watumwa kule kusini. Walikuwa wakiiga kwa maringo mwendo wa mabwana zao kwenye dansi, jozi iliyopendeza zaidi inapewa keki. Mabwana wanapiga makofi, hawajui wanachekwa wao.

Mama Furaha: Eeeh.

Mama Brian: Nitatembea hiyo Jumamosi kwa madaha.

ALHAMISI

Mama Zuhura: Tuna pete, donati, koti. Mmoja bado, na pesa imebaki dola sita.

Babu Salim: Kukisia uzito wa boga. Nitalisimamia mwenyewe. Pemba nimekulia kwenye kupima karafuu kwa pishi, mkono wangu hausahau.

Baba Neema: Mzani?

Babu Salim: Wa bafuni. Boga ukiliweka juu linafunika namba. Napanda peke yangu, nasoma. Napanda nimelibeba, nasoma. Natoa.

Mama Zuhura: Mbele za watu wote, Babu?

Babu Salim: Uzito wangu si siri, ni wali wa binti yangu.

Mama Zuhura: Huo wa kukaa mezani, tuuweke kando ya minne. Nataka wa kukimbia. Leo nimepita pale, wameparua majani yote ya miti ile wakayafanya kichuguu, yananifika kiunoni. Nimesimama nikakumbuka Tanga. Rede!

Iddi: Mama na mgongo huo?

Mama Zuhura: Nyamaza. Wawili wanarusha mpira, mmoja yuko katikati anakwepa huku anajaza chupa mchanga. Hapa mchanga hakuna, majani yapo. Chupa tunaweka ndoo. Ukigusw na mpira umetoka, anaingia mwingine, ndoo inaendelea pale ilipofika.

Mama Zuhura: *Ukiguswa

Mama Brian: Weee! Hiyo kwetu ni kati! Tulitengeneza mpira kwa makaratasi ya maziwa na kamba.

Mama Furaha: Soksi. Soksi ndani ya soksi. Hauumize.

Baba Neema: Soksi naunga mkono. Tukirusha mpira wa kweli tutaandikiwa barua.

JUMAMOSI

Baba Neema: Nimefika. Upepo. Vikombe vya karatasi vimeshahama jimbo.

Mama Brian: Donati ziko kwa fagio. Mbwa wa mtu amekula mbili.

Iddi: Pete zinaingia!! Kila mtu anashinda. Pipi zitaisha saa kumi na moja.

Mama Zuhura: Wape moja moja, si kiganja.

Iddi: Nilikuwa nawapa kiganja.

Mama Furaha: Mukuje huku kwa majani, foleni imepita choo. Nahitaji mutu wa kushika soksi.

Baba Neema: Mbao zangu hazina mtu. Wazazi wote wako kwenye rede.

Mama Furaha: Majani haya si kama mchanga. Mutoto anajaza ndoo, anageuka kukwepa, upepo unayatoa yote. Anaanza upya. Banacheka mpaka banaanguka.

Mama Brian: Mwalimu mkuu ameingia katikati. Na viatu vya kazi.

Iddi: [Picha]

Mama Zuhura: Nani kampiga ya kichogo??

Iddi: Zuhura.

Mama Zuhura: Mola wangu.

Mama Brian: Anacheka, usijali. Ameomba aingie tena.

Baba Neema: Matokeo ya boga. Ratili 23. Babu alisema 21. Aliyepatia ni Neema wangu, miaka sita, kataja 23 kwa kuwa ndiyo namba ya jezi ya kaka yake.

Babu Salim: Boga la hapa lina maji mengi, linadanganya mkono. Karafuu haziko hivyo.

Mama Brian: Na msilipike hilo, ni la kuchonga, halina utamu. Nina yale madogo mawili, kesho nayatia nazi. Mbegu tu za hilo kubwa zikaangwe na chumvi.

Mama Furaha: Nakuja kesho. Aksanti sana bajirani, leo sikusikia baridi.

Mama Zuhura: Jua limeshazama, tunafunga meza. Fagio ninalo, koti la Babu ninalo. Ndoo yangu ya bluu nani anayo?

Iddi: Bado iko uwanjani mama.

Mama Zuhura: Watoto si wameondoka?

Iddi: Wameondoka. Ni walimu.