Naomba ushauri: kutofautisha digrii 330 na 150 kwa antena ya kitanzi

Wadau wa redio na urubani, naombeni msaada kuhusu Lady Be Good, ndege ya Marekani aina ya B-24D iliyopotea Libya Aprili 4, 1943 ikirudi kambi yake ya Soluch kutoka safari ya Naples.

Kituo cha redio cha Benina, Libya, kiliipa mwelekeo wa digrii 330 kutoka kituoni (kaskazini-magharibi), maana yake bado iko baharini. Lakini antena ya kitanzi (ya kupimia mwelekeo wa mawimbi ya redio) peke yake haitofautishi mbele na nyuma. Kipimo hichohicho huweza kuwa 150, upande wa pili kabisa, jangwani. Ndege ilikutwa huko, kilomita 700 hivi kutoka kambini. Wote 9 walikufa: mmoja parachuti yake haikufunguka, wengine wakagawana maji kwa kifuniko cha chupa hadi jangwa likawamaliza. Inauma sana.

Tuseme rubani angegeukia digrii 60, akaruka dakika 10 kwa kilomita 300 kwa saa, akaomba kipimo cha pili. Kikipanda kuelekea 340, yuko baharini. Kikishuka kuelekea 320, amekwisha kupita kituo. Akiwa kilomita 100 kutoka kituoni, badiliko ni digrii 27 hivi. Kwenye 400, ni 7 tu, na usiku mawimbi ya redio yanayorudi kutoka angani hupotosha kipimo.

Je, hizo 7 zinaaminika, au aruke dakika 10 nyingine? Upepo wa pembeni mnauondoaje kwenye hesabu?