Naomba ushauri: roboti za kuchavusha matikiti zinapatikana wapi?

MkulimaRuvu: Habari zenu wakuu. Nina ekari mbili za matikiti huku Ruvu. Maua ni ya kumwaga, ila vitunda vikifika ukubwa wa limao vinageuka njano na kudondoka, na vinavyopona vimepinda. Bwana shamba anasema uchavushaji hafifu, na kweli nyuki siku hizi ni wa kutafuta. Nimeona klipu ya roboti zinazoruka kama nyuki. Zinauzwa wapi, na bei gani?

FundiMota: Mkuu, hizo bado ziko maabara. RoboBee, roboti-nyuki ya chuo cha Harvard Marekani, iliruka 2013 ikiwa imefungwa waya wa umeme, maana haina ubavu wa kubeba betri. Ya chuo cha MIT, hukohuko Marekani, ya 2025 haifiki gramu moja, inakaa hewani kama dakika 17, nayo ina waya vilevile. Wajapani 2017 walibandika manyoya ya farasi na gundi kwenye droni ndogo, wakachavusha mayungiyungi, ila mtu ndiye anaiongoza. Kuna ya Waisraeli, Arugga, ina magurudumu, inapuliza hewa kwenye nyanya za banda. Nyanya inajichavusha yenyewe ukiitikisa. Tikiti ua dume na ua jike ni mbalimbali, ukipuliza unajisumbua.

MamaMizinga: Tumia mkono, kaka. Asubuhi mapema chuma ua dume, ng'oa petali, lipake ua jike chavua yake, lile lenye kitunda nyuma yake. Usiahirishe, ua linafunguka siku moja tu. Baadaye weka mizinga, mmoja au miwili kwa ekari, mbali na nyumba, nyuki wetu hawana utani. Hapo jirani anapiga dawa?

MkulimaRuvu: Jirani ana nyanya, anapiga asubuhi. Ni imidacloprid.

MamaMizinga: Eh! Basi mizinga subiri kwanza. Hiyo Umoja wa Ulaya waliizuia mashambani 2018 kwa ajili ya nyuki. Inaingia mpaka kwenye majimaji matamu ya ua na chavua, kwa hiyo hata akipiga jioni inapunguza madhara tu, haiyaondoi. Mwombe abadilishe dawa, na hiyo mpya apige jioni nyuki wakisharudi.

MkulimaRuvu: Kesho naenda kwake. Vibarua wa kuchavusha mnawalipa kwa siku au kwa mstari?

MamaMizinga: Kwa siku. Ukilipa kwa mstari watakimbiza, nusu ya maua yataachwa.