Tupeane uzoefu: una shahada ya fani nyingine, ukaitwa kuchunga kanisa. Ulisoma nini?

Mzee wa Kanisa, Kiboriloni
Bwana Yesu asifiwe, watumishi. Mimi ni mhasibu, shahada ninayo, na kwa miaka sita nimekuwa mzee wa kanisa hapa Moshi. Wito hauniachi. Nimeomba, mke wangu ameomba, tumekubaliana. Kinachonikosesha usingizi ni shule. Mmoja ananiambia nianze BD, shahada ya kwanza ya theolojia, kama kijana wa kidato cha sita, mwingine anasema nina shahada tayari, niende uzamili moja kwa moja. Nina miaka 36 na watoto watatu wanasoma. Naomba mliopita njia hii mseme mlifanya nini ninyi wenyewe. Ya kusikia ninayo tele.

Mchungaji, Usa River
Asifiwe, mzee wangu. Mimi nilikuwa mwalimu wa sekondari mwenye shahada ya ualimu. Dayosisi ikanipeleka Makumira kuanza BD. Mwaka wa kwanza nilinung'unika sana, nimekaa darasani na vijana ambao ningeweza kuwafundisha. Babu yangu alisomea kule Lwandai, Lushoto, kabla chuo hakijahamia Makumira mwaka 1954, akaniambia nitulie. Nilitulia. Kiyunani na Kiebrania vilinitoa jasho, lakini leo nikiandaa mahubiri naona faida yake. Na wale vijana ndio wachungaji wenzangu. Nikikwama na jambo la usharika nawapigia. BD ndiyo iliyonifungulia MTh, uzamili wa theolojia, baadaye, maana MTh nyingi zinataka uwe na msingi wa theolojia kwanza.

Dada wa Sakina
Kaka, MDiv, uzamili wa kuandaa wachungaji, iliwekwa kwa watu kama wewe. Unaingia na shahada ya fani yoyote. Mimi nilitoka uuguzi. Kwa anayesoma muda wote ni kama miaka mitatu: Biblia, historia ya kanisa, mafundisho ya imani, kuhubiri, ushauri wa kichungaji, na mazoezi kwenye kanisa lenyewe. Nilisoma Karen, Nairobi, kwenye chuo kilichokuwa kikiitwa NEGST, sasa Africa International University. Walimu walinilea vizuri, namshukuru Mungu.

Shida ilinikuta niliporudi Arusha. Niliomba kufundisha kwenye chuo kimoja cha Biblia, wakaniuliza shahada ya kwanza ya theolojia iko wapi. Nikawaeleza kwamba MDiv ni uzamili unaoanza na msingi wenyewe. Hawakunielewa, na cheti nilikuwa bado sijakipeleka TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kitambuliwe. Miezi minane nimekaa nyumbani na uzamili wangu. Kwa hiyo kabla hujavuka Namanga, uliza TCU kama chuo na shahada hiyo vinatambuliwa. Na uliza kanisa lako, kwa maandishi, kama litakubariki kuwa mchungaji ukiwa na MDiv. Madhehebu hayalingani. Kwetu Wapentekoste walinipokea bila swali, kwenu Walutheri wa KKKT utaratibu uko mikononi mwa dayosisi.

Mwinjilisti, Ngaramtoni
Mimi nilichukua MA ya theolojia, miaka miwili, nikidhani ni MDiv iliyofupishwa. Sivyo. Nilisoma na kuandika tasnifu, lakini hakuna aliyenifundisha kuzika wala kuketi na ndoa inayovunjika. Kama unataka kufundisha au kutafiti, ni nzuri sana. Kama ni kuchunga, utadaiwa mafunzo mengine.

Mchungaji, Machame
Nami niongeze jambo ambalo halimo kwenye majina ya shahada. Popote utakaposoma, tafuta CPE, mafunzo ya huduma ya kichungaji hospitalini. Mimi niliyapata hospitali ya KCMC, hapo hapo Moshi kwako. Unaingia wodini, unaongea na mgonjwa, kisha unaandika mazungumzo yote neno kwa neno na kuyasoma mbele ya msimamizi na wenzako. Kulikuwa na kijana wa bodaboda aliyekatwa mguu. Nilimwombea haraka haraka nikaondoka. Niliposoma karatasi yangu, msimamizi akaniuliza: "Sala ile ilikuwa ya nani, yake au ya hofu yako?" Nililia. Kesho yake nilirudi nikakaa kwenye kiti, kijana akaongea saa nzima habari za mama yake. Nimesoma theolojia miaka mingi, lakini siku ile ndipo nilipoanza kuchunga.

Mzee wa Kanisa, Kiboriloni
Mmenisaidia kuliko mnavyojua. Nilikuwa nimeshajaza fomu ya chuo, nimeiweka kando. Jumatatu naenda kwa mkuu wa jimbo kumuuliza dayosisi inapokea nini, ndipo nichague. Mchungaji wa Usa River, Kiyunani naweza kuanza nyumbani?

Mchungaji, Usa River
Unaweza. Herufi ni 24. Watoto wakilala, andika tatu kwa mkono kila usiku, huku ukizitamka kwa sauti.