Tetemeko la Kagera 2016: ulikuwa wapi? Tupeane uzoefu

Wa Kashai: Wakuu, leo fundi amekuja hapa kwangu Kashai, Bukoba, kuziba ufa wa sebuleni, ule wa Septemba 10, 2016. Nimeshika ukuta nikajikuta natetemeka mwenyewe. Jumamosi ile, saa tisa na nusu hivi alasiri, ulikuwa wapi?

Binti Hamugembe: Uani, namenya ndizi. Nikasikia mngurumo chini kama lori la mchanga linapanda kilima, karai likaanza kucheza. Mwanangu alikuwa amelala ndani. Nafika mlangoni, ukuta wa chumba ukamwagika mbele yangu, tofali za udongo zote, vumbi tupu. Nikaita, kimya. Nilifukua kwa kucha hizi. Tulimkuta chini ya kitanda cha mbao, alivyoingia huko hadi leo sijui. Jirani yangu hakupona. Tulilala migombani wiki mbili, kila ardhi ikitikisika tena watoto wanalia.

Mzee wa Kyaka: Pole waitu. Huku kwetu wilaya ya Missenyi hivyo hivyo.

Kijana wa Mjini: Lakini ukubwa wa tetemeko ulikuwa 5.7 tu.

Mwalimu: Walianza kutangaza 5.7, wakarekebisha kuwa 5.9. Na hiyo "tu" iondoe, serikali ilitangaza vifo vya watu 17. Kwetu ni mkono wa magharibi wa Bonde la Ufa: ardhi inavutwa huku na huku, mwamba ukizidiwa unakatika.

Kijana wa Mjini: Nimetaja namba, sijadharau mtu.

Wa Kashai: Mama wa watu kafukua mtoto, wewe unabishia namba!

Wa Dar: Tetemeko lililotikisa huku Dar Agosti 12, 2020 usiku, nilikuwa ghorofa ya nne, taa inabembea. Nilishuka ngazi na kanga moja. Ushauri wangu: toka nje haraka!

Mwalimu: Hapana, ngazini ndiko watu wanakoumia. Ingia chini ya meza imara.

Fundi: Meza gani itazuia ukuta wa udongo usio na lenta, ule mkanda wa zege unaofunga kuta? Nyumba ya hivyo, kama mlango uko karibu, kimbia. Yenye nguzo na nondo, baki. Siku hizi mteja akikataa lenta kuzunguka kuta zote, namrudishia hela yake.

Mzee wa Kyaka: Mimi nalala bila komeo, viatu mlangoni.

Wa Dar: Wezi je, mzee?

Mzee wa Kyaka: Mwizi nitapambana naye.

Wa Kashai: Dada wa Hamugembe, mtoto alikuwa na miaka mingapi?

Binti Hamugembe: Minne. Sasa yuko sekondari. Mlango wa chumba chake hataki ufungwe.