Mnunuzi wa nje anataka punguzo, mzigo uko bandarini kwao. Nifanyeje?

Wakuu, naombeni ushauri wa haraka. Nimepeleka nje kontena mbili za ngozi. Tulikubaliana asilimia 30 kabla, 70 akishaona nakala za hati. Hiyo 30 alilipa. Juzi usiku kaniandikia: ngozi hazina ubora, nipunguze robo ya bei au anaziacha. Nimefuatilia namba za kontena, zote ziko yadi, hazijafunguliwa. Huo ubora kauonea wapi? Ninachojua, bei imeshuka tangu tusaini.

Karani wa Meli: Kabla ya yote, hati halisi za shehena (bill of lading, karatasi za meli za kuchukulia mzigo) ziko wapi? Zina jina la nani?

Mleta uzi: Zote tatu ziko kwenye droo yangu. Zimeandikwa kwa amri yangu mwenyewe, yaani mzigo anapewa nitakayemsainia mimi.

Karani wa Meli: Afadhali. Usitume hata moja. Bila hati halisi uliyoisaini nyuma, wenye meli hawatakiwi kumpa mzigo. Ila usilale: siku za bure za bandarini zikiisha, dimareji (tozo ya kuchelewesha kontena) inaanza kukula, na jamaa anasubiri hiyo ikulainishe. Tafuta mnunuzi mwingine hukohuko.

Wakili Mstaafu: Kabla ya kumuuzia mwingine, mwandikie rasmi, umpe siku saba alipe. Tuma pia mkaguzi huru apige picha lakiri (kifungio cha mlango wa kontena) kabla haijakatwa. Kama nchi zenu zimo kwenye Mkataba wa Vienna wa 1980 wa mauzo ya bidhaa kimataifa, ibara ya 77 inakutaka upunguze hasara. Ukikaa tu, fidia inakatwa.

Mzee wa LC: Ungetumia LC (ahadi ya benki kukulipa ukileta hati sahihi) tusingekuwa hapa.

Karani wa Meli: Mzee, benki inakagua karatasi, haikagui ngozi. Mimi hati zangu zilikataliwa kisa uzito wa kwenye ankara haukulingana na wa hati ya shehena. Mnunuzi aliyetaka kukimbia akapata mlango.

Mleta uzi: Mkataba unasema kesi iende mahakama ya kwetu.

Wakili Mstaafu: Utashinda, halafu hukumu ikwame mpakani. Mkataba ujao weka usuluhishi (arbitration, mwamuzi binafsi badala ya mahakama). Tuzo yake, yaani uamuzi wake, inatekelezwa nje kwa Mkataba wa New York wa 1958, wenye nchi zaidi ya 170.

Mleta uzi: Na ile 30 yake nimrudishie?

Wakili Mstaafu: Ishikilie kwanza. Uza, toa hasara yako, dimareji ikiwemo. Kikibaki kitu, ndicho chake.