Bukavu gizani kwa ajili ya sashe (mifuko ya plastiki): tumfuate Leta (serikali) ama tufagie wenyewe? (Mazungumzo ya wakaaji wa Bukavu, mashariki ya Kongo, mwaka 2024)

Kijana wa Nguba:
Wandugu, wiki nzima hii kurani (umeme) inakuja saa saba za usiku na kuondoka kabla watoto hawajaamka kwenda shule. Mwaka jana, 2023, tuliambiwa wazi sababu: mashine moja ya bwawa la umeme la Ruzizi I iliharibika kwa ajili ya plastiki, tukapoteza megawati 6 na kitu kati ya 30 hivi, Bukavu na Uvira zikaumia pamoja. Sasa swali langu. Sisi vijana tuendelee na salongo, ile kazi ya usafi ya pamoja ya Jumamosi, ama tuandike barua yenye sahihi nyingi tuipeleke kwa gavana, tudai agizo la tarehe 30/12/2017 lifuatwe? Agizo hilo linakataza kutengeneza, kuingiza na kuuza mifuko na sashe za plastiki nchi nzima. Mimi niko upande wa barua. Tulifagia kabla ile mashine haijafa, tukafagia na baada yake. Plastiki iko palepale.

Mama Duka Nyawera:
Mwanangu, barua haifagii. Mvua ikinyesha mimi nasimama mlangoni mwa duka naona kinachoteremka na mto Kawa: chupa, sashe, pampasi, kandambili za mguu mmoja. Vyote vinatoka juu. Watu wa komini ya Kadutu wakiona wingu jeusi ndipo wanatoa taka ndani ya nyumba, wanamwaga kwenye mfereji ili mvua iwabebee. Hao ndio wa kuandikiwa barua. Gavana hajatupa sashe ziwani.

Mwanasheria wa Ibanda:
Kijana, njia unayoitafuta ipo. Katiba yetu, kifungu cha 27: kila Mkongomani ana haki ya kupeleka ombi kwa mamlaka ya umma, peke yake ama pamoja na wenzake, na mamlaka inapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu. Tena hairuhusiwi kumshitaki mtu kwa sababu ameandika ombi hilo. Ukiongeza kifungu cha 53 cha haki ya mazingira safi, pamoja na sheria ya mazingira ya Julai 2011, barua yako ina miguu ya kusimamia.

Mtoto wa Kadutu:
Mama wa Nyawera, heshima yako naitunza, lakini lile neno nalirudisha kwako. Mi nimezaliwa Kadutu na ningali naishi huko. Kwetu nyumba iko juu ya nyumba. Toka mlangoni petu mpaka barabarani unapita ubavu, bega moja mbele. Mwaka uleule unaosemwa hapa tulizika nyanya yetu, na jeneza tulilisimamisha wima ili lipite kati ya kuta mbili. Sasa lori la taka litapita wapi? Wale vijana wanaokusanya taka na kulipwa kila mwezi wanafika kwa wenye geti, Muhumba na Nguba. Kwetu hawashuki, na hata tungewalipa hakuna mahali wangeegesha. Hakuna pipa, hakuna shimo, hakuna kitu ambacho Leta ameweka. Halafu tunaitwa wachafu.

Na hizo sashe tunazitoa wapi, mama? Tunazinunua kwako.

Mama Duka Nyawera:
Usinivunjie heshima mbele ya watu. Mimi sina kiwanda. Mteja anakuja na franka 500, anataka mafuta kidogo, sukari kidogo, sabuni ya unga kidogo. Nimfungie katika nini? Nimmwagie kiganjani? Na wengi wa wateja hao ni wa kwenu, nawahudumia kila siku, wengine kwa deni.

Mtoto wa Kadutu:
Sasa umeingiza na deni. Tulikuwa tunaongea taka, umekuja na umaskini wetu.

Mwalimu wa Panzi:
Tafadhali, wote wawili. Mama hakusema kwa ubaya. Lakini ni kweli pia kwamba mfereji wa Panzi umejaa vilevile, na Panzi si Kadutu. Essence je? Feu Rouge je? Tuache kutaja komini za watu.

Mama Duka Nyawera:
Nilisema nilichokiona.

Fundi wa Mitambo:
Mnaongea kana kwamba ziwa ni la Kadutu. Ziwa Kivu lina mlango mmoja tu wa kutokea maji, nao ni Ruzizi, hapa petu. Chupa iliyotupwa Goma, Minova, Kalehe, Idjwi, hata ng'ambo upande wa Rwanda, upepo na mkondo vikiisukuma vya kutosha itakuja kusimama kwenye ukuta wa Ruzizi I. Nimefika pale kwa kazi. Nyuma ya mvua huoni maji, unaona plastiki tu, ndege wanatembea juu yake bila kuzama. Vijana wanaichota toka mtumbwini wanaijaza magunia. Lakini hiyo ya juu haitutishi sana. Inayotuua ni ile iliyozama, inayokwenda kujipachika kwenye vyuma vya kuchujia maji kabla hayajaingia kwenye mashine. Inabidi wapiga mbizi washuke waitoe kwa mikono, humo gizani, vipande kwa vipande. Wanamaliza leo, mvua ya kesho kutwa inaleta nyingine.

Kwa hiyo hata Kadutu yote ikihamia mbinguni leo, kurani haitarudi kesho. Kata sashe pale inapoingilia nchini.

Msafiri wa Kamembe:
Fundi amesema. Jirani zetu wa Rwanda walikataza mifuko ya plastiki mwaka 2008. Kila mtu anayevuka mpaka pale Ruzizi ya Kwanza anajua. Mama anafika na mkate ndani ya sashe, anaambiwa toa, anahamisha mkate kwenye kikapu ama kwenye karatasi, sashe inabaki kwa askari. Hakuna kelele, foleni inasogea. Sisi agizo letu lina miaka sita na zaidi, na sashe zinauzwa kwa furushi mbele ya ofisi za serikali.

Damu ya Kivu:
Ndugu, vita tunayoilaumia Rwanda iko Masisi, watu wamelala ndani ya mahema pembeni ya Goma, wewe unatuletea Rwanda kuwa mfano wa usafi? Kuna maneno ya kuchagua wakati wake.

Msafiri wa Kamembe:
Nimesifu sheria, sijasifu jeshi. Shangazi yangu yuko katika mahema hayohayo. Usinifundishe uchungu.

Damu ya Kivu:
Basi tafuta mfano kwingine. Kenya walikataza 2017. Tanzania 2019. Nchi hazijaisha.

Msafiri wa Kamembe:
Sawa, chukua Kenya. Swali ni lilelile: juu ya nini wao waweze na sisi tushindwe na karatasi tunayo?

Mzee wa Bagira:
Wanangu, nimesoma yote. Mwanasheria ametaja kifungu cha 53 lakini amekisoma nusu. Kinasema kila mtu ana haki ya mazingira safi, halafu kinaendelea: ana wajibu wa kuyatetea. Nyinyi mnapenda sentensi ya kwanza. Sisi wakati wa Mobutu salongo haikuwa ya kuombwa. Ulitoka na jembe lako na fagio lako, chifu wa avenyi (mtaa) anakuona, jina linaandikwa. Mitaro ya Bagira ilikuwa inapitisha maji. Leo kijana anataka kompyuta ya kuandikia barua, na mtaro ulio mbele ya mlango wao umeota majani.

Kijana wa Nguba:
Baba, nakuheshimu, lakini salongo ya wakati huo mlikuwa mnafagia nini? Majani na maganda ya ndizi. Hata ukiyaacha yanaoza yenyewe. Plastiki nikiitoa kwenye mtaro Jumamosi naipeleka wapi? Tunairundika kando ya barabara tunasubiri gari ambalo haliji, Jumatano mvua inairudisha mtaroni. Nimeshika plastiki ileile mara mbili. Kazi ya mikono yetu inapotea kwa sababu upande wa Leta haujafanywa.

Mwanasheria wa Ibanda:
Mzee, sentensi ya tatu ya kifungu hichohicho inasema Leta ndiye anayesimamia ulinzi wa mazingira na afya ya watu. Na kumwandikia Leta ni njia mojawapo ya kutetea. Sioni ugomvi kati ya fagio na barua.

Mzee wa Bagira:
Ugomvi ni kwamba ukishaandika barua unakaa chini kungoja. Miezi mitatu umesema. Mvua haingoji.

Niko Goma:
Nawasalimu toka huku. Msidharau shinikizo. Ndani ya mbuga ya Virunga walitaka kuchimba mafuta, ile kampuni ya Uingereza, SOCO. Watu walipiga kelele, wavuvi wa ziwa Edward, walinzi wa mbuga, dunia nzima, na mwaka 2014 kampuni ikakubali kuacha. Sauti ya watu wadogo ilishinda.

Fundi wa Mitambo:
Ilimaliza kwanza kupima chini ya ziwa, ndipo ikasema inaacha. Na mwaka 2022 Kinshasa ikaweka sokoni vitalu 27 vya mafuta na 3 vya gesi, na ramani ya vingine iliingia mulemule Virunga.

Niko Goma:
Kwa hiyo tusingepiga kelele?

Fundi wa Mitambo:
Sijasema hivyo. Nasema ukishinda usilale. Barua moja haitoshi, na wanaopeleka barua wakiitwa ofisini wakapewa soda, mambo yanaishia hapo. Nimeliona kwa mengine.

Mwana wa Kalehe:
Mnaniruhusu neno? Kwetu Kalehe, vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, tarehe 4 mwezi wa tano mwaka 2023, mito ilishuka na mawe na magogo ikabeba vijiji. Waliozikwa walizidi 400, na wasioonekana hadi leo ni wengi sana. Mlima ulikuwa umekatwa miti, nyumba zimejengwa kwenye njia ya maji, na hakuna ofisi iliyowahi kusema usijenge hapa. Kama mnaandika barua kwa gavana, basi plastiki isiwe peke yake. Bukavu mnalia giza. Sisi tunalia watu.

Mwalimu wa Panzi:
Pole sana, ndugu yetu. Na makala (makaa) tunayopikia Bukavu yanatoka milima hiyo, pamoja na mbuga ya Kahuzi-Biega. Kurani ikikatika tunawasha mbabula (jiko la makaa), mbabula inakula mti, mti ukiisha mlima unashuka. Ni jambo moja.

Kijana wa Nguba:
Nakubali ni jambo moja, lakini barua yenye mambo kumi inajibiwa "tumepokea". Nataka kitu kimoja ambacho gavana hawezi kukikwepa. Nimeandika rasimu, isomeni:

"Sisi wakaaji wa Bukavu tunaomba, kwa kufuata kifungu cha 27 cha Katiba: agizo la 30/12/2017 litekelezwe sokoni na madukani, kila komini ipewe mahali pa kumwaga taka, wananchi wanaotupa taka mitaroni waadhibiwe."

Mtoto wa Kadutu:
Hiyo ya mwisho itoe. Ikibaki, Kadutu hatutii sahihi hata mmoja, na mi nitapita nyumba kwa nyumba kuwaeleza sababu. Utamwadhibu mtu ambaye hujampa pipa? Panga upya: kwanza mahali pa kumwaga taka panapofikika kwa miguu, na watu wa kulipwa kupandisha magunia toka mabondeni mpaka barabarani. Vijana wasio na kazi tunao wengi. Adhabu ije nyuma.

Mama Duka Nyawera:
Na mimi hiyo ya kwanza inanitia hofu kuliko zote. "Sokoni na madukani." Mnajua itakavyokwenda? Polisi watakuja kwa mama aliyepanga nyanya chini, watamnyang'anya sashe zake hamsini, watamdai pesa, kesho watarudi. Nimeshuhudia hapa mbele ya duka langu: mama mjamzito alivutwa kikapu mpaka nyanya zikamwagika, na siku hiyohiyo makatoni ya sashe yalishushwa toka kwenye lori mita chache toka pale, mchana, mbele ya askari walewale. Hakuna aliyeuliza karatasi. Agizo linasema kuingiza na kutengeneza vimekatazwa. Basi andika forodha. Andika kiwanda. Sashe isipoingia, mimi nitamfungia mteja kwa karatasi, kwa majani ya ndizi, ama aje na chupa yake kama bibi zetu walivyokuja. Lakini msianzie na sisi wa meza.

Mwanasheria wa Ibanda:
Mama amesema jambo ambalo mimi mwenye vitabu sikuliandika. Ibadilishwe: "litekelezwe kwanza mipakani, kwenye maghala na viwandani."

Mtoto wa Kadutu:
Hapo niko pamoja na mama. Lakini bado hajaondoa neno lake juu ya Kadutu.

Mzee wa Bagira:
Mwanangu, sahihi ni ya umeme, haihusiani na neno la mama.

Mtoto wa Kadutu:
Baba, inahusiana. Kila wakati mji ukichafuka tunatajwa sisi, na kila wakati pesa ya usafi ikipatikana inaishia kwenye barabara za lami. Barua ikienda bila kusema wazi kwamba Kadutu ilisahauliwa, gavana atasoma, atapeleka polisi kwetu, na ataandika kwamba amejibu.

Kijana wa Nguba:
Naandika upya usiku huu, kurani ikikubali. Mipaka kwanza, mahali pa taka panapofikika kwa miguu kwa pili, adhabu naitoa. Kalehe nitaiandikia barua yake, ndugu yetu anisaidie kwa majina ya vijiji. Nani atakwenda nami kuipeleka? Nataka watu kutoka komini zote tatu.

Mama Duka Nyawera:
Nikiona neno "forodha" limeandikwa, nafunga duka nakwenda. Na huyo wa Kadutu aje pia, tuongee njiani. Kuhusu wingu jeusi, nilichokiona nimekiona.

Mtoto wa Kadutu:
Nitakuja. Lakini mbele ya kwenda kwa gavana tupitie kwetu kwanza, mama ashuke mpaka mlangoni petu, ndipo tuendelee.

Mama Duka Nyawera:
Na magoti haya?

Mtoto wa Kadutu:
Nyanya yetu alikuwa anapanda na kushuka kila siku.