Tupeane uzoefu: kubadilisha jina la waifai nyumbani (Kigoma, Tabora na kwingineko)

Habari za jioni wadau. Huku Mwanga, Kigoma, ukiwasha waifai unakuta majina ya majirani yamejaa kwenye simu, mengi ni herufi na tarakimu za kiwandani. Jina hilo linamwonyesha mpita njia ruta yako (kile kifaa kinachorusha waifai) ni ya aina gani, na kwa baadhi ya ruta paswedi za mwanzo zinajulikana. Waliobadilisha watueleze.

Naanza mimi. Uani kwetu kuna ruta mbili za kampuni moja, majina yanatofautiana herufi za mwisho tu. Mama akija kutoka Kasulu anabonyeza ya jirani, paswedi inakataa, anadhani simu imeharibika. Nikaipindua ruta: chini kuna kibandiko chenye anwani ya kuingilia. Yetu ni 192.168.1.1, nyingine huwa 192.168.0.1 au 192.168.8.1. Nikiwa nimeunganishwa na waifai hiyohiyo, nikaiandika anwani kwenye brauza, nikaingia WLAN (setingi za waifai), penye SSID, yaani jina la waifai, nikafuta na kuandika Mgebuka. Nilipohifadhi tu, simu zote zikakatika. Msishtuke, unachagua jina jipya na kuingiza paswedi, basi.

Dada wa Isevya, Tabora: Shemeji aliweka jina la ukoo na namba ya simu, ati wageni wasihangaike. Wakaanza kupiga watu tusiowajua wakiomba paswedi, mmoja saa tano usiku! Tukaweka jina la tunda. Jamani, msiandike jina lenu, namba ya simu wala ya nyumba. Waifai inasomeka mpaka barabarani.

Steshenari Ujiji: Mimi niwaambie habari ya printa, maana hiyo ndiyo inayoumiza. Nilibadilisha jina asubuhi, mwanafunzi akaja na barua ya maombi ya kazi, printa kimya. Ilikuwa inatafuta jina la zamani! Lazima uingie kwenye setingi za printa yenyewe uiunganishe upya, na televisheni vilevile. Fanyeni jioni, dukani kukiwa hakuna mteja.

Baadaye hapa dukani umeme ulirudi kwa nguvu ruta ikaungua. Ile mpya nikaipa jina lilelile na paswedi ileile, herufi kubwa na ndogo bila kukosea hata moja. Printa, simu, kila kitu kikajiunga chenyewe. Hapo nilifurahi kweli.

Mdau Kanyenye: Wakuu, nikilificha jina lisionekane kabisa, si ndiyo usalama zaidi?

Fundi simu, Tabora mjini: Hapana kaka. Mwenye programu za kuchunguza mawimbi analiona tu, na wewe unabaki kuliandika kwa mkono kwenye kila simu. Kinacholinda ni WPA2 au WPA3 (aina za ulinzi unazochagua kwenye setingi za waifai) na paswedi ndefu. Badilisha pia paswedi ya kuingilia kwenye ruta, ambayo si ile ya waifai. Wengi wanaisahau, na aliyemo ndani ya waifai akiijua anabadilisha anachotaka. Jina lisizidi herufi 32. Kama ruta ina mawimbi mawili, 2.4 GHz na 5 GHz, yape majina tofauti: ile ya 5 GHz ina kasi lakini ukuta wa tofali huidhoofisha zaidi, chumba cha nyuma tumia ya 2.4.

Mdau Kanyenye: Asante fundi. Naipindua ruta sasa hivi nisome kibandiko.